Risasi za Namna Moja

Nakumbuka siku moja vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na baba yako asinisikie. Ni siku niliyopewa fungu la nyama kwa jina langu.

Wakati huo nilikuwa natunza wazee kule Jakobsberg. Mfanyakazi mwenzangu Gunnar, Msweden aliyekaribia kustaafu, aliposikia kwamba babu yangu wa Kivu alikuwa mwindaji, akaniambia nifanye mtihani wa uwindaji aniingize kwenye kikundi chake. Nikafaulu. Walikuwa wanaume kumi na mmoja, wakanipokea kwa majaribio ya msimu mmoja: nikimjeruhi mnyama akatoroka na maumivu yake, basi, nirudi nyumbani nikapike. Hilo la kupika hawakulisema, ila mimi nililisikia.

Nikanunua bunduki nene ya wenzo, hii hii unayoijua. Unashusha wenzo, unaurudisha, na risasi inapanda kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Lakini risasi zipi? Niliogopa kukosea, na mwoga hununua vingi. Nikachukua nyepesi za paa, ngumu za nguruwe pori, na nyingine zenye ncha kwa kuwa zilipendeza machoni. Zote nikazisokomeza kwenye bomba moja.

Siku ya mazoezi, ya kwanza ikapiga juu, ya pili chini, na ya tatu sijui ilikwenda wapi mpaka leo. Wanaume wakatazama viatu vyao. Gunnar akalimwaga bomba kwenye kofia yake, akaokota ile ya ncha.

“Humo ndani zinafuatana,” akasema polepole. “Ncha hii inagusa fataki, kiwashio cha baruti, ya ile iliyo mbele yake. Bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo, inaweza kulipuka mikononi mwako.”

“Na hizi nyingine?”

“Hizi hazina kosa, kosa ni lako. Nyepesi itavunjikia kwenye bega la älg, kulungu wetu mkubwa. Ngumu itampita paa bila kufunguka, akafie mbali. Na kila moja inaangukia mahali pake, wewe hujui hata moja inaangukia wapi.”

Nililia kwenye treni mpaka nyumbani Vårby gård, kwa hasira na aibu. Babu alikuwa na gobore moja tu, na nyumbani kitoweo hakikukosekana. Mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika tatu.

Basi nikachagua moja: kichwa bapa, uzito wa kati, madini laini ya risasi kwa mbele na koti la shaba nyuma. Inafunguka ndani ya paa na haivunjikii begani kwa älg. Nikaenda nayo kwenye shabaha kila Jumamosi, mpaka nikajua mwisho wangu wa kupiga bila kukosea ni mita themanini.

Oktoba ikafika. Älg wa kwanza, mnyama mrefu kuliko farasi, akapita mbali kuliko mwisho wangu. Nikamwacha. Iliniuma, nisikudanganye. Saa moja baadaye mbwa wakamleta dume la älg, akasimama mita sitini, bega wazi. Nikapiga mara moja. Akatembea hatua chache, akalala.

Gunnar akavunja kitawi cha msonobari, akakichomeka kwenye kofia yangu, heshima ya aliyeangusha mnyama. Jioni nyama ikapangwa mafungu. Kwa desturi yao mmoja huyapa mgongo, mwingine anagusa fungu na kuuliza, “Hili la nani?” Wa majaribio hatajwi kamwe. Jina la kwanza alilotaja yule aliyeyapa mgongo lilikuwa langu.

Nyama ile niliipika na sombe ya majani ya muhogo na bugali. Rafiki za baba yako walioniita mwanamke wa bunduki wakaomba kuongezewa.

Sasa wewe umefaulu mtihani, na simu yako imejaa picha za risasi. Nikikuuliza utachukua ipi, unanijibu “det beror på”, inategemea. Haitegemei, mwanangu. Chagua moja inayofaa kwa mengi, ijue kama ufunguo wa mlango wako, na kilicho mbali kuliko mwisho wako kiache kipite. Hata kwa kazi, hata kwa mume.

Bunduki hii ni yako kuanzia leo, karatasi tumeshazijaza. Mungu akutulize mkono, akupe macho ya babu yangu, na jina lako lisikose kutajwa mafungu yanapogawiwa.