Kochi Lililovikwa Nailoni

Maji yaliponifika kiunoni ndani ya tangi lililofungwa kwa juu, niliwaza kochi.

Usicheke kwanza. Nisikilize.

Mimi kazi yangu ni kuosha matangi ya maji, yale makubwa yanayochimbiwa chini uani. Unafungua mfuniko wa chuma, unashuka kwa vidato vya ukutani, unasugua utelezi mpaka mgongo unalia. Huko chini ni giza na hewa nzito.

Kazi hii ina sheria moja. Kabla hujashuka, unavua shati na kulitundika kwenye koki ya maji. Anayetaka kufungua maji akiliona, anajua kuna mtu chini. Mafundi wanaijua, walinzi wanaijua, hata mke wangu anaijua.

Siku hiyo shati langu la kazi lilikuwa kwenye kamba, bichi. Nikavaa jipya, zawadi ya mke wangu, ambalo nilikuwa nalitunzia shughuli maalumu. Shughuli gani, hata mimi sijui.

Ndivyo nilivyokuwa. Vikombe vizuri, vya wageni. Kochi tulilonunua kwa kujinyima lilikaa sebuleni miaka na nailoni yake ya dukani, sisi tunakaa chini kwenye mkeka. Mke wangu akilalamika, namwambia, "Baadaye, mama watoto." Mpaka akanibatiza Bwana Baadaye.

Basi nikafika kwenye koki, nikaona ina kutu. Nitundike shati jipya pale? Thubutu. Nikalikunja vizuri, nikaliweka kwenye begi pamoja na simu, begi nikaliacha kibandani kwa mlinzi. Nikashuka.

Sikujua kwamba mlinzi yule alikuwa anamaliza zamu.

Nikiwa kona ya mbali nasugua, mwanga ukakatika. Mfuniko umeshuka. Nikasikia komeo linasukumwa.

Kabla sijakaa sawa, bomba likaanza kumwaga maji.

Kimenuka.

Nikapanda vidato mpaka juu. Nikagonga chuma kwa ngumi, kwa brashi, kwa kichwa. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Huko juu kimya, na maji yananifuata.

Nililia, sikufichi. Nikawaona wanangu wamekaa chini, wameegemea kochi lile, na watu wa msibani wanaingia mmoja mmoja kulikalia. Wao ndio wangekuwa wa kwanza. Mimi mwenyewe sikuwahi hata kuegemea.

Maji yalikuwa kidevuni mfuniko ulipofunguka. Mkono ukanidaka kwapani, ukanivuta nje.

"Kaka, shati lako liko wapi?" Alikuwa mlinzi mwingine, wa zamu ya mchana.

"Kwenye begi."

"Nimekuta mfuniko wazi, koki haina shati, nikajua fundi kamaliza. Nikafunga, nikafungua maji. Sasa begi lako likawa linaita, linaita tu, nikaona nipokee. Shemeji kaniuliza swali moja: kwenye koki kuna shati? Nikamwambia hakuna. Akasema, kimbia, mume wangu yumo ndani."

Mke wangu alikuwa ameliona shati la kazi kwenye kamba. Akajua nimevaa jipya. Na kwa jinsi anavyonijua, akajua siwezi kulitundika kwenye kutu.

Nilirudi nyumbani nimelivaa shati lile juu ya mwili uliolowa. Njia nzima napanga maneno. Leo nailoni inatoka, iwe isiwe.

Nikafungua mlango.

Nailoni ilikuwa sakafuni, imekatwa vipande. Mke wangu amekaa katikati ya kochi, simu mkononi, macho mekundu.

"Umeitoa saa ngapi?"

"Wakati nasubiri mlinzi anipigie," alisema. "Nilitaka ukirudi usipate pa kusema 'baadaye'. Njoo ukae."

"Nimelowa."

"Kaa hivyohivyo."

Nikakaa. Wanangu wakaja wakajibana katikati yetu, mdogo akaanza kurukaruka, na hakuna aliyemkataza.

Doa la maji lipo kwenye kochi mpaka leo. Wageni wakiuliza, tunawamiminia chai kwenye vikombe vizuri, vilevile tunavyonywea sisi, halafu ninawasimulia.

Na wewe unayesoma hapa, kama kuna kitu kizuri umekifungia unasubiri siku yake, kitoe leo na wale unaowapenda. Na ukiwa fundi mwenzangu, tundika shati. Kutu inafulika.