Mayai ya Mjini

Mwaka ule alizeti zilikauka kijijini kwetu Sepuka, fedha ikawa ya mayai tu. Dada yangu mjamzito alishindia ugali na mlenda huku kuku wake wakitaga. Shemeji aliyauza mayai Singida mjini na kurudi akinukia chipsi mayai. Dada alipoomba moja, bwana huyo, mlinzi wa mila zisizomgharimu, alisema mjamzito akila mayai mtoto huzaliwa hana nywele.

Mtoto alizaliwa na nywele tele na kilo moja na nusu. Muuguzi alimfunga kifuani mwa dada apate joto, akasema sasa maziwa ya mama ndiyo yatamwokoa. Shemeji akamletea muuguzi trei ya mayai.

"Zawadi yako, nesi."

"Mpe mkeo."

"Huyu? Hajazoea."

Muuguzi alichemsha mawili, akamsimamia dada mpaka akamaliza. Shemeji aliyatazama maganda kama mtu aliyeibiwa.