Mia, Tisini, Themanini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali pale Musoma, nilihesabu chembe nyeupe za damu chini ya hadubini, nikapeleka jibu mbio kama naenda kupewa zawadi. Mkuu wa Maabara hakuinua uso.

"Umehesabu mara ngapi?"

"Moja, mzee."

"Basi hujahesabu. Umekisia."

Tangu hapo nahesabu kila kitu mara mbili, hata sato walio kwenye beseni. Wauza samaki wa Mwisenge wananijua. Baadhi hujifanya hawanioni. Baadaye nilihamishiwa Bunda, chini ya Mganga Mfawidhi aliyependa majibu mafupi, nikamalizia Butiama nikiwa mkuu wa maabara mwenyewe.

Butiama ndiko nilikosoma damu ya Nyangeta, mwalimu wa hesabu. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi mno, na changa, hazijakomaa kufanya kazi. Nikahesabu tena, nikiomba niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea. Vipimo vya hospitali ya rufaa vikathibitisha saratani ya damu. Akatibiwa kwa dripu za dawa, akapata nafuu, kisha ikarudi. Madaktari wake wakamtafutia nafasi nje ya nchi, kwa tiba ambayo sisi tulikuwa tunaisomaga tu: tiba ya seli za kinga.

Ukoo ukakutana, nikaitwa nieleze. Wazee walikuwa wameshaamua: ndugu mwenye nguvu ndiye wa kutoa damu. Wakamteua Magesa, mdogo wake, mtu wa kushinda shambani na plau. Nikawaambia hapana, kwa tiba hii zinachukuliwa seli za Nyangeta mwenyewe. Damu yake inapita kwenye mashine, seli za kinga zinachujwa, zinapelekwa maabara kufundishwa kuitambua saratani, na baada ya wiki kadhaa anarudishiwa. Si tiba ya kila mgonjwa, na hata aliyeipata anaweza kurudiwa na ugonjwa.

Baba yao mdogo akaomba angalau zichanganywe nusu kwa nusu. Mimi bei ya sato naipunguza mpaka muuzaji aninunie, lakini hapo hapakuwa na la kupatana.

"Sasa mimi ni wa kazi gani?" Magesa akauliza.

Nikamwambia yake ni kubwa kuliko kutoa: kukaa naye majuma yote ya mwanzo baada ya kurudishiwa seli, na kumtazama. Seli zile zikianza vita, mwili unaweza kuchemka, presha ikashuka, hata akili ikavurugika. Homa yoyote, ni hospitali papo hapo.

Wakasafiri. Siku ya sita baada ya kurudishiwa seli, wakiwa kwenye nyumba ya kupanga karibu na hospitali, Magesa akanipigia mchana. Dada yake alikuwa na homa tangu asubuhi, na alikuwa ameshameza dawa ya malaria waliyoibeba kutoka nyumbani. Mtu wa Mara akichemka, jibu anakuwa nalo tayari. Alitaka tu kuuliza dozi ya pili ni saa ngapi.

Nikamwambia ampe simu. Nikamwomba Nyangeta ahesabu kutoka mia akirudi nyuma kwa makumi. Ndivyo akili inavyopimwa kwa wagonjwa hawa.

"Mia. Tisini. Themanini." Akanyamaza. "Themanini. Dokta… themanini."

Mwalimu wa hesabu huyo.

"Magesa," nikasema, "usingoje dozi. Mpeleke sasa hivi, na uwaambie alichomeza."

Akampeleka. Wakampa dawa za kutuliza ile vita. Siku mbili hakusema neno. Siku hizo mbili nazo nilizihesabu mara mbili, ndiyo maana kwangu zilikuwa nne. Siku ya tatu akauliza uji uko wapi.

Sasa nimestaafu, nakaa Bweri. Nawashukuru wale wauguzi nisiowajua sura, namshukuru Magesa kwa kupiga simu, na namshukuru yule mzee ambaye hakuinua uso. Jumamosi iliyopita Nyangeta alikuja kunisalimu. Mpaka sasa vipimo vyake havionyeshi saratani, ila kinga bado ni dhaifu, na homa ikimgusa hawakai nayo nyumbani. Nilimtazama tu, akaelewa. Akahesabu kutoka mia mpaka kumi bila kusita.

"Tena," nikasema.

"Si umesikia, Dokta?"

"Nimesikia mara moja."

Akavuta kiti, akaanza upya.