Kopo la Haluli

Kanisani kwetu mtu akipatwa na fedheha, hakosi mzee wa kusimama na kusema, "Wakinywa wawili, wa kuchekwa hayupo." Watu hutikisa vichwa, wengine husema amina. Mimi huishika fimbo yangu kwa nguvu, maana maneno hayo yana mwenyewe, na wanaoyasema hata hawajui kilichokuwa kikinywewa. Mwenyewe ni kaka yangu. Alikufa kijana, ndevu hazijamjaa, kwenye shamba la chai huko Kericho, miaka ile ya thelathini, nami nikiwa msichana mdogo wa kubeba kikapu.

Sisi ni watu wa ziwani. Baba alitupandisha milimani kwa mkataba, tukakaa laini ya wafanyakazi, kwenye vibanda vilivyojaa moshi na baridi. Asubuhi nyapara aligonga kipande cha reli kilichoning'inia mtini, nasi tukapanga mstari. Akishatuhesabu, aliuliza nani anaumwa.

Hapo ndipo palipokuwa na ushenzi wenyewe. Aliyesema anaumwa hakuulizwa anaumwa wapi. Aliitwa mbele, akajaziwa kopo la haluli, ile chumvi chungu ya kuendesha tumbo, akainywa yote mbele ya watu. Uwe na jino, mguu au kichwa, dawa ni hiyo hiyo. Kisha alipewa kikapu chake aende kuchuma, na siku nzima akawa mtu wa kukimbilia vichakani. Bwana mkubwa wa shamba alisema hiyo ndiyo njia ya kuwajua wavivu. Lakini wimbo wa kumcheka mnywaji haukutungwa na Mzungu. Tuliutunga sisi, mafukara wenzake, na tuliuimba kwa sauti nzuri kuliko nyimbo za Jumapili.

Baba ndiye aliyeongoza sala pale laini. Alikuwa na fahari moja tu duniani: hakuna mtu wa nyumba yake aliyewahi kulishika kopo lile. Alimshukuru Mungu kwa hilo kila jioni, kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu.

Kaka yangu hakuwa na fahari hiyo. Alikuwa mtu wa mzaha. Alijua kutembea kama nyapara, tumbo mbele, hadi mama akashika mbavu. Ndiye aliyenifundisha kuchuma, majani mawili na chipukizi, akanikanya nisiunyofoe mti kama ninayemnyonyoa kuku.

Asubuhi moja jirani yetu, mtu wa milima ya Kisii, alisema anaumwa. Alikuwa anatetemeka na macho yamekuwa mekundu, kila mtu aliona. Haidhuru, wimbo ulianza. Alipofika mbele, akashindwa kulishika kopo, mikono ikimcheza, na watu wakazidi kucheka. Kaka yangu akatoka mstarini. Akasema naye anaumwa. Nyapara akamuuliza anaumwa nini, akajibu anaumwa kama huyu. Akalichukua kopo, akanywa nusu, akamshikia jirani nusu iliyobaki. Halafu akatugeukia.

"Wakinywa wawili, wa kuchekwa hayupo," akasema.

Wimbo ulikatika. Siku ile wale wawili walikimbizana vichakani, na yule mgonjwa, na homa yake yote, nilimsikia akicheka.

Jioni baba alimchapa kaka kwa mkanda. Alisema ameichafua nyumba. Kisha akamwekea Biblia mbele, akamwapisha kwamba mdomo wake hautaligusa kopo lile tena maadamu yu chini ya paa lake. Kaka aliapa. Angefanya nini? Baba ni baba.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Mvua ya mawe ilitukuta mashambani, na nyapara alitukataza kwenda bandani mpaka vikapu vijae. Kaka alivua gunia alilojifunika akanifunika mimi. Siku zilizofuata akaanza kukohoa, kisha akawa anashika ubavu kila akivuta pumzi. Kichomi. Hata mama mmoja wa Kikipsigis, aliyekuja kutoka upande wa Sosiot kubadilisha maziwa kwa unga, alimtazama tu akamwambia mama, "Hii ukonjwa si ya shamba. Huyu alale."

Lakini alale vipi? Aliyelala bila kutoka mstarini kusema anaumwa alihesabiwa mtoro, na mtoro alifungiwa stoo. Aliyelinywa kopo na kesho yake akawa bado hoi ndiye tu aliyeachwa alale, na kopo lilikuwa na kiapo juu yake. Mama alimsihi baba amfungue mtoto. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, akamwambia, sembuse kuulizwa kiapo. Baba akajibu kwamba kijana wa umri ule hafi kwa kikohozi. Kaka akaendelea kuchuma. Nilikuwa nikitia majani yangu kikapuni mwake ili apumzike kati ya mistari, akijifanya anafunga mkanda.

Usiku mmoja alimwomba mwenyewe.

"Baba, niruhusu niseme."

"Uliapa mbele ya Mungu," baba akasema, akazima taa.

Asubuhi, nyapara alipouliza, kaka alitoka bila ruhusa. Alitembea polepole, mkono ubavuni. Nyapara akamtambua, akaanza kutabasamu.

"Leo unaumwa kwa niaba ya nani?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Walidhani ni mzaha wake mwingine. Na kadiri alivyojikunja kwa maumivu ndivyo walivyompongeza kwa kuigiza. Alimtazama jirani yetu wa Kisii. Jirani akakitazama kikapu chake. Kaka akamtazama baba. Baba alikuwa mbele yangu kidogo, nikaona misuli ya shingo yake ikisimama, lakini miguu yake ilibaki mstarini.

Kaka alilinywa kopo lote peke yake. Wimbo ulimsindikiza hadi mashambani. Haluli ikamkausha maji machache aliyokuwa nayo mwilini, na alasiri nikamkuta amelala kifudifudi kati ya mistari ya chai, chipukizi zimo mkononi. Nilimwita. Nikamgeuza. Nikaita watu, na hata hapo mmoja wao alikuja akitabasamu.

Tulinyimwa ruhusa ya kumpeleka ziwani. Akazikwa ugenini kando ya miti ya bulugamu, mwana wa kiume, kama mtu asiye na kwao. Kaburini mzee mmoja alikohoa akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama akamgeukia.

"Hakuyaficha," akasema. "Mlimcheka."

Kesho yake kazi ni kazi. Reli ikagongwa, nyapara akauliza nani anaumwa, na baba akatoka mstarini. Alilichukua kopo kwa mikono miwili. Jirani wa Kisii akamfuata, kisha mwingine, na mwingine, mpaka haluli ikaisha kwenye ndoo na watu bado wamesimama wakingoja zamu. Siku hiyo chai haikuchumwa. Baada ya hapo kopo halikuletwa tena mstarini, na watu wakaanza kumsifu kaka yangu, kwamba alikuwa na hekima ya wazee. Wanamsifu hadi leo.

Baba alirudi nyumbani jioni akiwa ameishiwa nguvu, suruali imemchafukia. Akasimama mlangoni akingoja mama ampe maji. Mama alikuwa anapepeta unga. Alimtazama kuanzia chini, nyayo, magoti, akapandisha macho hadi usoni.

"Kumbe miguu unayo," akasema, akaendelea kupepeta.