Barabara Nyeupe Kwenye Majani ya Maharagwe

Harufu ya jani bichi la maharagwe likipondwa kwa vidole ni kali kidogo, na hukaa kwenye kucha hata ukinawa kwa sabuni. Msimu wetu wa kwanza wa joto hapa Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini, mikono yangu ilipaswa kunuka hivyo kila siku. Nilikuwa na miaka minane. Tulipanga chumba cha nyuma kwenye nyumba moja chini ya kilima cha Morningside. Baba alipakia mizigo kwenye ghala huko Mobeni, na jioni alirudi na mbao za makreti yaliyovunjika. Mama alizisimika kando ya ukuta ili maharagwe yatambae juu yake, mistari miwili tu, kwenye ukanda wa udongo mwembamba kama mkeka. Maharagwe yenyewe, ya zambarau yenye madoa meupe, yalitoka kwa bibi, mama yake Mama, kule Bukavu. Siku tuliyokimbia vita, bibi alimfungia Mama konzi moja kwenye pembe ya kitenge. Tulipita kambi mbili na mipaka sijui mingapi, na kile kifundo hakikufunguliwa. Mama alitaka mavuno ya kwanza yote yawe mbegu, tusile hata punje, tuje kula mwaka wa pili. Mimi, mtoto wa kuota ndoto mchana, nilikwisha kuiona sufuria ikichemka.

Maharagwe yalipofika kiunoni mwangu, majani yakaanza kuchorwa. Vistari vyeupe, vyembamba, vinazunguka, vinakatana, vinanenepa kadiri vinavyoendelea. Mama alinyunyiza maji ya majivu na sabuni, wapi! Mwenye nyumba, mama wa Kizulu tuliyemwita Gogo, yaani bibi kwa lugha yao, alicheka: eish, mdudu yuko ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, huko sabuni itamfikiaje? Akatuonyesha namna ya kuinua jani lielekee jua na kufuata mstari hadi unaponenepa. Pale mwisho unaona kivuli kama kipande cha mchele. Binya. Jani lililochorwa sana lichume, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, uache juani hadi liive, maana ukilitupa tu yule mdudu ataota mabawa, awe nzi, arudi na wenzake. Kazi hiyo nikapewa mimi, kila asubuhi kabla ya shule.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, Baba aliinua jani moja juu. “Furaha, kuja uone! Hii ni safari yetu. Hapa iko Bukavu. Hapa ni ziwa. Hapa tulipotea, na Papa alikuwa anajifanya anajua njia.”

“Ulijifanya kweli,” Mama akasema. “Usidanganye mtoto, Papa Furaha. Huyo anakula mbegu ya mama yangu.”

“Mwisho wa barabara ni Durban,” Baba akaendelea, “na huyu mnene hapa ni mimi.”

Tulicheka wote. Lakini kesho yake kidole changu kiligoma. Mwisho wa kila barabara niliona mtu mdogo anatembea gizani, hajui atokee wapi, kama sisi. Nilichuma majani yaliyochorwa, nikayalaza kwenye boksi la viatu nyuma ya ndoo, nikaliacha wazi kidogo wale wadudu wapate hewa. Ule mfuko wa plastiki niliujaza majani ya kawaida ili Mama auone umevimba. Kila asubuhi niliwaambia, “Bonne route,” safari njema, nikakimbilia shule nikiwa na furaha tele.

Baada ya wiki chache vinzi vyeusi vyenye tone la njano mgongoni vikawa vinacheza juu ya maharagwe. Majani yakawa meupe, yakakauka, yakaanguka kabla maganda hayajajaa. Mama alipasua ganda baada ya ganda, akapata punje saba zilizokunjamana. Alipoinua ndoo aanze kusafisha, akaliona boksi, na vinzi viwili vikaruka kutoka ndani yake.

“Ni wewe?”

“Mama, walikuwa njiani tu.”

Akaigeuza ndoo, akaikalia. Hakunipiga. Heri angenipiga. “Furaha, kule kambini ulilia njaa siku mbili. Nilikupa maji ya moto ili ulale. Na hii mbegu ilikuwa hapa, kiunoni kwangu.”

Punje saba zile hazikuota. Miaka michache baadaye habari ya kifo cha bibi ilifika kwa simu, na Mama hakuwa na kitu chochote chake cha kushika.

Siku hizi chakula cha kwetu kimejaa Durban. Pale sokoni Warwick Junction iko maharagwe ya kila rangi, na Mama akipita lazima ainame kwenye gunia la zambarau, aweke punje moja mdomoni, aizungushe. “Inafanana,” anasema, anairudisha mkononi, tunaondoka. Mimi nasuka nywele saluni, na kwenye baraza nina makopo ya mchicha. Vistari vyeupe vinakuja kila mwaka. Nainua jani juani, nafuata barabara hadi mwisho, na hadi leo namwona yule mtu mdogo, roho inaniuma. Nabinya. Halafu nanusa vidole vyangu muda mrefu kabla ya kwenda kunawa.