Nilivyokosa mkwe na jirani kwa salamu moja ya Krismasi

Wakuu, asalaam aleikum. Na kwa msioitikia salamu hiyo, habari zenu. Naanza hivi makusudi, maana yote ninayotaka kuwasimulia yametokana na salamu tu.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo ndio nafungua uzi. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyokuwa. Sijaongeza chumvi. Kama kuna pahala nimepunguza, ni kwa sababu pananiuma.

Mie ni Mpemba, fundi cherehani, nyumbani Tibirinzi, Chake. Muislamu wa kuzaliwa. Si shehe wala si mpotevu. Naswali, nafunga, basi.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa mtu wa bara, mwalimu wa sekondari. Tumwite Mwalimu Elia. Mkewe Mama Neema. Walipohamia walikuwa hawajui hata pa kununua mkaa, mke wangu ndiye aliyewaonyesha.

Siku mama yangu alipofariki, Elia ndiye aliyekwenda kuazima viti. Akabeba maji ya watu kutawadha tangu asubuhi mpaka tunatoka na jeneza. Makaburini hakuingia, alisimama kando kavua viatu, kavishika mkononi. Sijui nani alimwambia avue. Nilimpenda tangu siku ile wakuu, sema sikuwahi kumwambia.

Sasa, kila Krismasi asubuhi Elia alikuwa ananiita nimchinjie jogoo. Mtaa mzima ni Waislamu, na yeye alitaka akipika watu wale bila wasiwasi. Nachinja kwa Bismillahi, Mama Neema anapika pilau, sahani zinapita kwa majirani. Idi nasi tunafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anaamini nini.

(Najua wapo humu watakaosema hapo ndipo nilipokosea. Subirini nimalize.)

Desemba iliyopita binti yangu Asya alikuwa keshaposwa. Kijana mzuri, mtoto wa Mzee Mbarouk, mtu wa Micheweni mwenye heshima zake. Posa tumeshaijibu, tunasubiri mwezi wa harusi. Asya alikuwa anakuja dukani kwangu anatarizi mashuka yake mwenyewe, anaimba chinichini akidhani sisikii.

Mkesha wa Krismasi, mchana, mke wangu akaweka status WhatsApp. Picha ya Asya kamkumbatia Neema, binti wa Elia, na maneno: "Krismasi njema jirani zetu." Basi. Hakuna msalaba, hakuna mti, hakuna kofia nyekundu.

Mtu akapiga screenshot. Ikaingia group la familia ya kina Mbarouk. Alasiri haijaisha, Mzee yuko barazani kwangu, ananionyesha ile picha kwenye simu.

"Khamis, maneno yano ni yenu?"

"Yetu, mzee."

"Kuwatakia heri katika ibada yao, weye huoni kitu?"

"Namtakia heri jirani, mzee. Ibada yake sikuingia."

Hakupandisha sauti. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakuwa mtu mbaya. Alisema kama mtu anayeuogopa moto wa akhera kweli kweli.

"Mie nawaogopea wajukuu wangu," akasema. "Futeni hino. Na kesho usende kule kuchinja. Nambia neno hilo tu, mie naondoka tuko radhi."

Lilikuwa neno dogo, wakuu. Status mke wangu alikwishaifuta hata kabla ya kuambiwa. Lililobaki ni la kuchinja. Nikamkumbuka Elia siku ile makaburini, na viatu vyake mkononi.

"Status tumefuta, mzee. Kwa jirani yangu ntakwenda."

"Basi mwanangu namchukua."

Aliaga vizuri, akavaa makubadhi yake, akaondoka. Nyuma ya pazia nikamsikia Asya kakaa chini kwa kishindo.

Baada ya magharibi nikamuendea shehe wetu. Akaniambia kuhusu kutamka pongezi wanazuoni wana maneno yao, na yeye mwenyewe hatamki. Lakini haki ya jirani haina mjadala, na kumchinjia mtu kuku si kuingia dini yake. Akampigia simu Mzee Mbarouk mbele yangu. Nikasikia upande wa pili, "Shehe, nimekusikia. Lakini mtoto ni wangu."

Posa ikaishia hapo.

Asubuhi nikanoa kisu, nikavaa kanzu, nikaenda kwa Elia. Nilijiambia angalau hili limebaki.

Hapakuwa na jogoo. Hapakuwa na harufu ya bizari. Elia kakaa sebuleni na nguo za kushindia, Biblia mapajani. Mama Neema namsikia jikoni, hakutoka.

"Krismasi njema, Mwalimu."

Akanitazama kama nimemtukana mbele ya wanawe.

"Kaka Khamis, sisi hayo tumeachana nayo. Tumeanza kusali na ndugu wengine, wametufundisha ukweli. Krismasi ni mambo ya kipagani. Kwenye Biblia haimo hata mstari mmoja."

Nikacheka, nikidhani utani. Hakucheka.

"Haya," nikasema. "Basi kuku wa kula tu. Sikukuu iwepo isiwepo, watoto si watakula?"

"Kaka, usinielewe vibaya. Hata nyama yenyewe hatuwezi tena. Inasomewa maneno ya dini nyingine. Kwetu ni sawa na iliyotolewa kwa sanamu."

"Mwalimu, maneno yenyewe ni Bismillahi. Mbona mmekula siku zote?"

"Tulikuwa gizani."

Nikabaki nimesimama na kisu changu nimekizungushia gazeti. Nilitaka kumwambia kwamba jana nimepoteza mkwe kwa ajili yake. Ningesema ingekuwa kama namlaumu, na yeye hakunituma.

Nikawatakia asubuhi njema. Hata hiyo niliisema kwa wasiwasi, maana nikajiuliza kama na asubuhi njema nayo imo kwenye Biblia.

Nyumbani Asya aliuliza, "Wamefurahi?"

Nikamweleza. Hakulia. Akasema, "Baba, kwa hiyo hakuna aliyetaka."

Nikakitoa kisu kwenye gazeti, nikakirudisha mahali pake.

Yule kijana alimpigia simu Asya mara moja. Alilia, akasema hawezi kumvunjia baba yake heshima. Simlaumu. Sasa kaoa Wete. Asya dukani haji tena, yale mashuka yamo kabatini nusu yametariziwa, na mama yake hathubutu kulifungua kabati lile.

Kwa Elia nako, watoto wakakatazwa kula kwetu. Neema akipewa mkate wa ufuta anaushika tu, anatazama mlango wa kwao. Elia mwenyewe tukikutana alikuwa anasalimia haraka haraka, kama mtu mwenye gari linalomsubiri.

Baadaye wakahama, wakaenda kukaa karibu na wenzao. Siku ya kuhama Mama Neema alikuja kurudisha sufuria aliyoazima. Sie huku chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata ukikosa kabisa unatia chumvi. Na yeye alilijua hilo, mke wangu ndiye aliyemfundisha. Sufuria ilikuwa imesuguliwa inang'aa. Ndani hamna kitu.

"Mama Asya, unisamehe," akasema, akageuka.

Mke wangu alikaa nayo mlangoni mpaka gari likapakiwa, likaondoka. Usiku tulikula mkate na chai, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwasha moto.

Najua mnasubiri funzo, uzi wa namna hii huwa nalo. Nimelitafuta wakuu. Nililolipata si la kumpa mtu: ukisimama kumtetea jirani, usidhani jirani yuko nyuma yako amesimama. Ningeambiwa nirudie, sijui kama ningefanya vingine. Hilo ndilo linalonikatisha tamaa zaidi. Nafikiri nilifanya sawa, na haikumfaa mtu yeyote.

Siku hizi naitikia kwa kichwa. Mtu akinisalimia, nainamisha kichwa, napita. Mke wangu anasema nimekuwa mtu wa ajabu.

Kama kuna aliyewahi kukataliwa na pande zote mbili kwa jambo moja, aandike hapa chini aliishi vipi baada ya hapo, nitasoma kila comment. Mwenye binti aliyevunjiwa posa aniambie unamwambia nini mtoto asubuhi.

Na wale mnaokuja kubishana nani mwenye dini ya kweli, nawaomba mpite tu. Nyote nilishawasikiliza, mmoja barazani kwangu, mmoja sebuleni kwake, na kila mmoja alikuwa na uhakika.