Mama Paspoti Atoka Nje ya Studio

Kwa miaka kumi na tisa Mama Paspoti alikuwa akiwapiga watu wa mtaa mzima picha za paspoti mbele ya pazia jeupe: kidevu juu kidogo, funga mdomo, masikio yaonekane. Mwanawe wa mwisho alipohamia chuoni na nyumba ikawa kimya, alijiandikisha kwenye mafunzo ya Jumamosi ya kupiga picha za mitaani, pale maktaba. Mwalimu, kijana wa kumzaa, aliwaambia kuwa picha moja ya kila mwanafunzi itatundikwa ukumbini siku ya maonyesho. Mama Paspoti aliitaka nafasi hiyo kwa roho yake yote. Picha zake zote zilikuwa zimeishia kwenye pochi na mafaili ya ofisi. Ukuta hazijawahi kuuona.

Tabu ilianza mara tu alipotoka nje. Alipoinua kamera, muuza matunda alikaa wima, akafunga mdomo, akarudisha nywele nyuma ya masikio. Kinyozi naye vivyo hivyo, mkasi ungali hewani. Mtaa alikuwa ameufundisha mwenyewe, na sasa ulikuwa ukimtii. Mwalimu alizitazama picha hizo, akacheka mpaka akavua miwani, akamwuliza kama watu wote hawa wanasafiri.

Basi akaanza kuvizia. Mchana mmoja, akiwa nyuma ya nguzo, alimnasa fundi viatu amelala kibandani, mdomo wazi, amekumbatia kiatu cha kike kifuani kama mtoto. Picha ilipoonyeshwa, darasa zima lilisogea kuitazama. Mwalimu alisema hiyo ndiyo ya ukumbini, kisha akamwuliza kama fundi mwenyewe anajua kuwa amepigwa picha.

Kesho yake akampelekea fundi kamera aione. Fundi aliitazama kwa muda, akifuta gundi ya vidoleni kwenye aproni.

"Siku hiyo nilitoka kumuuguza mke wangu hospitali," alisema. "Watu wakiiona hii watasema viatu vyao nalala navyo tu, sivishoni."

"Lakini ni picha nzuri, kaka."

"Nzuri kwako, dada."

Neno hilo lilimwingia. Aliifuta palepale fundi akiona, ingawa zilibaki siku nne tu kabla ya maonyesho na hakuwa na nyingine. Kisha akaomba kukaa kwenye benchi lake. Fundi akasema akae, ila akimvizia tena atamshonea hiyo kamera mdomo.

Siku ya kwanza fundi alishona ameganda kama mti. Ya pili alisahau kuganda, akamsimulia jinsi mkewe alivyoruhusiwa kurudi nyumbani. Ya tatu alikuja mteja akilalamika kuwa kiatu alichoshonewa kinalia anapotembea. Fundi akakiweka sikioni kama simu, akakiuliza kwa upole nani amekiudhi. Mteja akaangua kicheko, fundi naye, na Mama Paspoti, hatua moja tu mbele yao, akabonyeza mara moja. Fundi alimwona akibonyeza, akaendelea kucheka.

Wote wawili waliitazama picha. Mteja akaridhia. Fundi akaita majirani waje waone, halafu akasema, "Hii peleka."

Siku ya maonyesho picha hiyo ilikuwa ukutani, kubwa kama meza ya chakula. Fundi alikuja na mkewe wamependeza, akasimama kando ya picha akikaribisha watu kana kwamba ukumbi ni wake. Mgeni mmoja akauliza aliyeipiga ni nani. Mama Paspoti alikuwa amejibanza nyuma ya watu, machozi yakimlengalenga. Fundi akamfuata, akamshika mkono, akamvuta mbele.

"Ni huyu hapa," alisema. "Hii kazi tumeifanya pamoja."